Sabuni au dawa kali? Nilipofika mimi baada ya miaka minne ya kupigana na wadudu wa maua ya ndani

Wiki tatu zilizopita, saa nne usiku, rafiki yangu kanitumia picha ya jani la ua lake limepauka, lina vidoti vyeupe vidogo vidogo kama mtu amelichomachoma na ncha ya sindano, na chini ya picha kaandika "dada, nipulize sabuni au ninunue dawa kabisa?" Nikamjibu kabla ya yote ligeuze hilo jani unipigie picha upande wa chini. Akanuna kidogo maana alitaka jibu la mstari mmoja akalale. Namuelewa kabisa, hata mimi nilikuwa hivohivo, nilitaka mtu aniambie kitu kimoja nipulize leo, kesho wadudu hawapo.

Swali hilo naulizwa sana na nimeona watu wazima wakikasirikiana kwa ajili yake. Wapo wanaoamini chochote kinachotoka jikoni ni salama na chochote chenye lebo ya onyo kitaua familia nzima, na wapo wanaosema vitu vya jikoni ni kupoteza muda, nunua dawa umalize kazi. Mimi nimekaa kambi zote mbili kwa nyakati tofauti na nimepoteza maua kote kote, kwahiyo hapa naandika nilichojifunza kwa mikono yangu na kwa kusoma sana, kwa mtu ambaye leo yuko mbele ya ua lake analipenda na hajui aanzie wapi.

Nianze na lile linaloniuma hadi leo. Nilikuwa na hoya, lile ua la kutambaa, nimeikuza kutoka kipande cha vidole viwili, imefika dirishani juu inataka kutoa maua kwa mara ya kwanza. Siku moja nikaona kwenye maungio ya majani kuna vitu vyeupe kama pamba. Nikashtuka, nikachukua kopo la dawa ya kupuliza mende lililokuwa pale ndani, nikapuliza kwa karibu, nikapuliza tena. Kesho yake majani yana mabaka yamelowa kama yamemwagiwa maji ya moto, baada ya siku nne nusu ya ua imeshuka chini. Wale wadudu? Baadhi walikufa, waliokuwa ndani ya vikunjo wakaendelea na maisha yao. Baadaye nikasoma nikaelewa, zile dawa za makopo za mende na mbu zimetengenezwa kwa ajili ya ukuta, sakafu na hewa, ndani yake kuna viyeyusho na gesi ya kusukuma dawa itoke, na ukipuliza karibu ile gesi inatoka baridi sana na viyeyusho vinaunguza jani. Kiua wadudu chenyewe kinaweza kuwa ni kilekile kilichopo kwenye dawa za mimea lakini kilichokibeba ni kitu kingine kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hilo ndio maana nalisema mapema: dawa ya mende sio dawa ya maua.

Baada ya hapo nikahamia upande wa pili kwa hasira zote. Nikasema kemikali basi. Nikachanganya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, siki, kitunguu saumu kilichosagwa na pilipili, vyote kwa makadirio ya macho, nikapulizia kila ua ndani ya nyumba. Ferni yangu ikafa ndani ya wiki moja. Nyingine zikapata kingo za kahawia. Siki ni asidi, watu wanaitumia kuunguzia magugu, kwahiyo sijui nilitegemea nini kwenye jani laini la ferni. Na zile sabuni za vyombo nyingi sio sabuni kwa maana ya kweli, ni ditajenti, kazi yake ni kuondoa mafuta, na jani lina utando wake wa nta unaolizuia kukauka, ukiuondoa ule utando umeliacha jani uchi. Yaani nilikuwa nimetoka kwenye kemikali nisiyoijua nikaingia kwenye kemikali nisiyoijua, tofauti ni kwamba hii ya pili niliichanganya mwenyewe na haikuwa na lebo ya kunionya.

Hapo ndipo neno "kemikali" lilipoanza kunisumbua, maana tunalitumia kama tusi na halituambii chochote. Chukua pareto. Ni ua, jeupe, katikati njano, linakaushwa linasagwa, na sumu iliyomo, pairethrini, inavuruga mishipa ya fahamu ya mdudu anadondoka ndani ya dakika chache. Asili tupu. Lakini hiyohiyo pairethrini ni hatari kubwa kwa samaki, kwahiyo ukiwa na tangi la samaki chumba kimoja na maua yako usipulize humo. Wanasayansi wakachukua umbo la hiyo sumu wakalitengeneza upya maabara lidumu zaidi juani, ndio tukapata pairethroidi kama pamethrini. Pamethrini kwa paka ni janga, mwili wa paka hauwezi kuivunjavunja kama wetu, anaanza kutetemeka na anaweza kufa. Alafu chukua tumbaku. Kuna watu hadi leo wanachemsha tumbaku wanapulizia maua wakijua ni dawa ya bibi isiyo na madhara. Nikotini inapita kwenye ngozi, wanaovuna majani mabichi ya tumbaku yakiwa yamelowa wanaugua, wanatapika na kuishiwa nguvu, na wewe unaipuliza ndani ukiwa umefunga madirisha. Juu ya hapo tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato ambavyo vinahamia kwenye nyanya, pilipili na petunia. Na kundi zima la dawa za kisasa zinazoitwa neonikotinoidi, imidakloprid ikiwemo, limepata jina lake kwa sababu zinafanya kazi mle mle nikotini inapofanyia. Kwahiyo bibi wa tumbaku na chupa ya dukani ni ndugu, na kati yao wawili ile chupa angalau imeandikwa kipimo.

Sisemi hivi kuzitetea dawa. Nasema kabla hujapuliza kitu chochote, kiwe cha jikoni kiwe cha dukani, uliza kinaua vipi, kinaua nani na kinabaki muda gani. Ukishajua hayo matatu ubishi mwingi unakwisha wenyewe.

Turudi kwa rafiki yangu. Picha ya upande wa chini ilipofika ikaonyesha utando mwembamba sana kama wa buibui kwenye kona ya jani na kishina chake. Nikamwambia chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya jani, lipige jani kidole mara mbili tatu alafu subiri. Vikadondoka vidoti kama vumbi, alafu vile vidoti vikaanza kutembea. Utitiri. Na hapa ndipo nilipomzuia asinunue dawa aliyokuwa ameshaiona, maana ilikuwa ya imidakloprid, na utitiri sio mdudu, ana miguu minane, ni ukoo wa buibui na kupe, imidakloprid haimuui. Ubaya zaidi imeshaonekana mara nyingi kwenye mimea iliyopewa imidakloprid kwamba utitiri unaongezeka baadaye. Yaani angelipa hela, angeleta sumu ndani, na tatizo lingekua. Upande mwingine kama angepuliza pilipili na kitunguu pia asingefika mbali, harufu inaweza kuwafanya wengine wasogee lakini utitiri aliyeshatulia chini ya jani na mayai yake haondoki kwa harufu.

Kinachomuweza utitiri kwa kuanzia ni maji. Kweli kabisa, maji. Anapenda joto na ukavu, kwenye joto kali kizazi kizima, kutoka yai mpaka mkubwa anayetaga, kinaweza kukamilika ndani ya wiki moja, ndio maana unaona ua liko sawa Jumatatu na wiki inayofuata limekuwa la kijivu. Nikamwambia lipeleke ua bafuni, funika udongo na mfuko usilowe sana, mwagia maji ya bomba la mvua upande wa chini wa majani yote, jani kwa jani, yakishakauka ndio uingie na sabuni.

Na hii sabuni niieleze vizuri maana ndio dawa ya nyumbani ninayoiheshimu kuliko zote na ndio inayotumiwa vibaya kuliko zote. Sabuni inayofaa ni sabuni ya kweli, ile iliyotengenezwa kwa mafuta na potashi, ya maji, haina manukato wala rangi wala kitu cha kulainisha mikono. Kuna zinazouzwa maalum kwa ajili ya wadudu wa mimea na kilichomo ni hichohicho, chumvi za potashi za asidi za mafuta. Inaua kwa kumgusa mdudu ikiwa imelowa, inaharibu ngozi yake laini na utando wa seli zake, anakauka. Ikishakauka kwenye jani kazi imeisha, mdudu akija baada ya nusu saa anatembea juu yake bila shida. Kwahiyo mtu anayepulizia juu juu ya majani kama anafukiza ubani hajafanya kitu, inabidi jani lidondoshe maji, chini yake hasa, na shina, na kwenye maungio. Kipimo mimi natumia mililita 10 kwa lita moja ya maji, sipiti 20, kwa sababu zaidi ya hapo unaunguza. Maji yako yakiwa magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, sabuni inashikana na kalsiamu na magnesiamu inaganda inakuwa uchafu unaoelea na haiui tena, tumia maji ya mvua au yaliyochujwa. Pulizia jioni au sehemu isiyo na jua, ua likiwa limeshanyweshwa maji, usipulize ua lenye kiu. Na jaribu jani moja kwanza, subiri siku mbili. Ferni, kaktasi na zile zenye majani manene yenye unga wa kibuluu juu yake uwe mwangalifu sana, ule unga ni nta, ukiutoa kwenye jani lile haurudi.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mtu alisikie, na ndilo lililonifanya niache kuchukua upande. Karibu kila mtu anayeniambia "nilijaribu sabuni haikufanya kazi" alipuliza mara moja. Na karibu kila mtu anayeniambia "nilinunua dawa kali haikufanya kazi" naye alipuliza mara moja. Sabuni haiui mayai vya kutosha, dawa nyingi za kupuliza pia hazigusi mayai. Unaua wazazi leo, mayai yanabaki, baada ya siku chache yanaanguliwa na wewe umeshajisahau umerudisha chupa kabatini. Tofauti kati ya ua lililopona na ua lililokufa mara nyingi imekuwa kalenda. Kwa utitiri wakati wa joto narudia kila baada ya siku tatu hadi tano, mara nne angalau. Kwa wadudu pamba kila wiki kwa mwezi mzima hata kama siwaoni. Naandika tarehe kwenye kipande cha tepu nabandika kwenye chungu chenyewe, maana kichwani nitasahau.

Hao wadudu pamba (wengine wanawaita milibagi) ndio waliokula hoya yangu na kwao nina kinyongo. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa ndani ya kile kifuko cheupe cha nyuzi, na ile pamba ni nta inayokimbiza maji, kwahiyo sabuni inateleza juu. Hapa spiriti ya asilimia 70 inaingia. Unachovya pamba ya masikio unamgusa mmoja mmoja, nta inayeyuka anabadilika rangi anakuwa kahawia hapo hapo. Ni kazi ya kuchosha lakini inaridhisha. Iliyo ya asilimia 90 na kitu inakauka haraka mno kabla haijafanya kazi vizuri, ya 70 inakaa kidogo. Usipake jani zima na usifanye karibu na moto wala jiko limewaka, spiriti inashika moto na mvuke wake pia. Alafu geuza chungu uangalie chini kwenye matundu ya maji, ukingo wa ndani wa chungu, na mizizi, hapo ndipo wanaporudia watu wakidhani wamemaliza.

Wadudu magamba, wale wanaofanana na vipele vya kahawia vilivyoshikilia shina, nao wamejifunika, ganda linawakinga na sabuni na dawa za kupuliza vilevile. Wadogo wao wanaotembea kabla hawajatulia ndio wanaokufa kirahisi. Wakubwa nawakwangua kwa ukucha au mswaki laini, alafu mafuta. Mafuta ya mwarobaini au yale mepesi ya kilimo yanaziba matundu ya kupumulia na yanafika hata kwenye mayai, mililita 5 za mafuta kwa lita moja na matone kadhaa ya sabuni ili yachanganyike, unatikisa kila dakika maana yanajitenga. Mwarobaini una kitu cha ziada, azadiraktini, kinachovuruga homoni za mdudu ashindwe kujivua ngozi na kukua, ndio maana hauoni maiti kesho yake, unaona tu kizazi kinachofuata hakijafika. Watu wanaukatia tamaa mapema. Lakini ujue azadiraktini ipo kwa wingi kwenye mbegu, na mafuta mengi yaliyosafishwa sana imetolewa yote yamebaki mafuta tu, yanaziba pumzi basi. Majani ya kuchemsha huwezi kujua una kiasi gani ndani ya sufuria.

Vile vinzi vyeusi vidogo vinavyoruka ukimwagilia, hivyo sivipulizii kitu chochote hewani na nawasihi msipulize. Unayemuona akiruka ana siku chache tu, shida iko kwenye udongo, mabuu yake yanakula kuvu na vimizizi laini, na yanaishi pale juu kwa sababu udongo haukauki. Acha sentimita tatu nne za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena, weka mtego wa njano wenye gundi kukamata wanaoruka, na kama bado wapo kuna bakteria anayeitwa Bti, alipatikana Israeli mwaka 1976, mabuu ya vinzi na ya mbu yakimla yanakufa na hana shida na watu wala paka. Mzunguko wao ni wiki tatu nne, kwahiyo vumilia mwezi. Masalia ya kahawa juu ya udongo usiweke, yanashika unyevu yanaota ukungu, umewapikia.

Vidukari kwenye vichipukizi ni maji ya nguvu na sabuni, wanaondoka. Wanazaa bila dume na wanazaa watoto hai kwahiyo wanajaa ghafla, lakini ngozi yao laini. Ukiona sisimizi wanapanda ua lako fuata njia yao, wanakwenda kunywa ule ute mtamu wanaoutoa vidukari au wadudu pamba.

Thripsi, vijidudu vyembamba vinavyofyonza majani, ndio wanaonifanya nikubali dawa. Wanataga mayai ndani ya nyama ya jani ambapo hakuna sabuni wala mafuta yanayofika, alafu wengine wanashuka kwenye udongo kukamilisha ukuaji. Nilipigana nao kwa sabuni miezi miwili kwenye monstera kubwa, nikachoka, nikanunua dawa. Mara ya pili nilitumia dawa kwa wadudu pamba waliokuwa kwenye mizizi ya ua ambalo singeweza kulihamisha chungu wakati ule, chembe za imidakloprid kwenye udongo, mizizi inainyonya, inapanda na maji ya mmea, mdudu akifyonza anakufa, na inadumu wiki nyingi. Ilifanya kazi na sijuti. Ila kuna masharti nimejiwekea na siyavunji. Ua linaloliwa, mnanaa au pilipili, haliguswi na dawa inayopanda ndani ya mmea kama lebo haijaruhusu wazi. Ua litakalotoka nje kuchanua pia hapana, kwa sababu ya nyuki, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia imidakloprid na wenzake wawili nje ya vibanda vya kioo mwaka 2018 kwa ajili hiyohiyo. Nanunua iliyoandikwa kwa ajili ya mimea ya ndani, sio ile ya shambani ya kuzimua eti kwa sababu chupa ni kubwa na inadumu. Nje kuna jua na mvua na vijidudu vya udongo vinavyoivunja dawa, ndani ya nyumba haina pa kwenda, inakaa kwenye zulia, kwenye vumbi, mahali mtoto anapotambaa. Kama ni ya kupuliza nalitoa ua nje, navaa glovu, na halirudi mpaka limekauka kabisa.

Na jamani, msihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Hata kidogo. Hata kama unaishi peke yako. Watu wamekunywa.

Kitu kingine watu wanabadilisha jina la dawa wakidhani wamebadilisha dawa. Angalia kiambato kwenye lebo, maandishi madogo. Chupa mbili za rangi tofauti zenye pairethroidi ni kitu kilekile, wadudu waliopona kwenye ya kwanza ndio hao hao watakaopona kwenye ya pili, na wanazaa. Utitiri wamejulikana kwa hilo kwa miaka mingi, dawa nyingi zimewashinda. Hapa ndipo sabuni, mafuta na maji vinapozishinda dawa waziwazi, ni vigumu sana kwa mdudu kuzoea kuzibwa pumzi au kuyeyushwa ngozi. Mtu akiniambia dawa za nyumbani ni za wasiojua namkumbusha hilo.

Michanganyiko ya kujitungia pia niliacha. Siki na jiki msije mkachanganya, inatoka gesi ya klorini. Jiki na spiriti pia usichanganye. Mafuta yenye harufu kali kama ya mti wa chai yanawadhuru paka, mimi ninaye mmoja anayelala kati ya vyungu kwahiyo hayaingii humu ndani.

Mwisho kuna ua ambalo unalitoa tu. Ilinichukua muda kukubali. Ua dogo lililojaa wadudu pamba mpaka kwenye moyo wake, limekaa katikati ya mengine ishirini mazima, kila wiki unayolipigania unayahatarisha yale ishirini. Nakata kipande kisafi kama kipo, nakiosha, nakiweka kwenye maji chumba kingine, la mama naliweka kwenye mfuko nafunga. Na ua jipya likija halikai na wenzake kwa wiki tatu, hata kama limetoka kwa mtu ninayempenda sana, hoya yangu iliyokufa naamini iliambukizwa na zawadi.

Rafiki yangu ameshaogesha ua lake mara tano sasa, siku zote ameandika kwenye tepu. Majani yaliyopauka hayatarudi kijani, nilimwambia mapema asijevunjika moyo, tunaangalia majani mapya tu, na yametoka mawili safi. Jana usiku kanitumia picha ya karatasi nyeupe, kalipiga jani mara tatu, kuna kidoti kimoja kinatembea. Nimemwambia Jumamosi alirudishe bafuni.